Mkwe Aonja Maini

Mume wangu Bertrand anawajua nguruwe kuliko mtu yeyote Kigali, na hajawahi kuwala. Ni Msabato, shemasi wa kanisa letu Batsinda. Kazi yake ni kuchunguza virusi vinavyoishi kwenye maini ya nguruwe na kuhamia kwenye ini la binadamu. Baba yangu, mzee Gratien, anachoma nguruwe Gisozi, chini kidogo ya karakana za Agakiriro. Mungu naye hupenda mzaha.

"Mukwe wangu anafungua nguruwe, anachungulia, anafunga," Baba huwaambia wateja. "Kama fundi wa saa."

Mwaka huu Bertrand aliitwa kuzungumza kwenye mkutano Kimihurura. Alisema, kwa ile sauti yake ya msoma mita, kwamba baadhi ya maini aliyoyapima yalikuwa na virusi, lakini nyama ikiiva sawasawa virusi hufa. Redio moja ikatangaza nusu ya kwanza. Nusu ya pili sijui ilipotelea wapi. Wiki hiyohiyo mafundi wa Agakiriro wakahamia kwenye mbuzi, Baba akabaki na moto wake.

Mwenye akili angengoja upepo upite. Baba si wa kungoja. Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza, uone mwenyewe kwamba hakina sumu. Baba akaihamishia desturi hiyo kwenye maini. Kila sinia likitoka motoni, anasimama mbele ya wateja, anakata kipande, anatafuna, anameza, kisha anaachama waone. Wateja wakarudi. Wengine, naamini, walikuja kutazama tu.

Ubaya ni kwamba maini ya Baba hutoka mekundu katikati. Ndivyo yanavyopendwa. Na ubaya mkubwa zaidi, ini la Baba mwenyewe ni bovu kwa miaka mingi. Daktari wake alishaniambia kwamba halitahimili ugonjwa mwingine juu ya ule lilio nao. Bertrand aliposikia habari za kuonja aliweka kijiko chini, na wali wake ukapoa.

"Mwambie," nikasema.

"Mkwe hamfundishi baba mkwe kupika."

"Basi utakuja kumzika."

Ilinitoka kwa hasira na sikuomba radhi. Niliogopa. Nikaenda kumwambia mzee mwenyewe.

"Nikipatia mutu kitu sijaonja," Baba alinijibu huku akigeuza mkaa, "watasema mimi niko murozi, naua watu na sumu. Na ukikausha maini, hiyo si maini tena. Iko soli ya kiatu."

Mtoto akililia wembe mpe, wanasema. Waliosema hivyo hawakuwa na baba kama wangu.

Jumapili iliyofuata Bertrand alivaa suti ya kanisani na kutia mfukoni kipimajoto cha nyama alichokinunua mjini. Tulimkuta Baba ameshika kisu juu ya sinia, wateja wakimkodolea macho. Bertrand akainama, akamsalimia kwa mikono miwili, na ule mkono wenye kisu hakuuachia.

"Papa," alisema, "nyumba ikiwa na mukwe, anayeonja ni mukwe. Na anayeonja ndiye anasema kama imeiva."

Desturi hiyo sijawahi kuisikia. Baba naye hakuwahi, lakini huwezi kukataa heshima ya mkwe mbele za watu. Akamwachia kisu.

Bertrand akachomeka kipimajoto kwenye ini, akasoma.

"Bado."

Baba akarudisha sinia motoni kwa uso wa mtu aliyetukanwa. Baadaye Bertrand akapima tena. Bado. Mchomeleaji mmoja wa Agakiriro akauliza kama maini yale yanachomwa au yanasomeshwa.

Mwishowe akakata kipande. Meza ya nyuma alikuwa amekaa Valens, mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, ambaye baadaye alieleza kwamba alikuja kunywa soda. Bertrand alimwona vizuri. Akafumba macho, akatia kipande kinywani, akatafuna, akameza. Kisha akaachama waone.

Ushemasi aliupenda mume wangu, tena sana. Nilisimama pale na machozi yangu, nikasingizia moshi.

Baba alimtazama. Anajua Msabato hali nini. Kiburi kikamtoka usoni, akaketi juu ya kreti ya soda.

"Mwanangu," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "iko namna gani?"

Bertrand akafikiri, kama anavyofikiria kila kitu.

"Sampuli moja haitoshi, Papa."

Wateja walicheka. Baba hakucheka. Aliinuka, akaweka sinia jipya motoni, akarudi kwenye kreti yake. Maini yakaanza kutoa harufu. Yule mchomeleaji akapaza sauti kwamba sasa yako tayari, mzee alete, watu wana njaa.

"Bado," alisema Baba.