Kidonda cha Venant

Miezi minne kidonda kilikaa kwenye ulimi wa Venant, na miezi minne hiyohiyo Adélaïde, mke wake, alionja kila kijiko cha uji kabla ya kumlisha. Aliyeamuru hivyo ni Bulonza, dada mkubwa wa Venant. "Umeze nikiona," alisema. Alikuwa ameshaamua kwamba ni karuho, ile sumu ya polepole, na wa kumtilia mwanamume sumu ni nani kama si anayempikia? Basi Adélaïde anaonja, anameza, anafungua kinywa akaguliwe. Eti hiyo ndiyo ndoa!

Walimpeleka Venant kwa mganga wa Nyantende, akatapishwa wiki mbili mpaka macho yakaingia ndani. Sumu haikutoka. Daktari wa meno naye akang'oa meno mawili mazima, na kidonda kikabaki palepale, sasa na tezi zimevimba shingoni. Adélaïde akapiga kelele ukoo mzima ukasikia, hadi Venant akafikishwa hospitali. Docteur Évariste akamkata kinyama kidogo ulimini kikapimwe.

"Wasipoona ugonjwa," Bulonza akamwambia Adélaïde, "utarudi kwenu Kavumu. Batoto batabaki. Ni ba kwetu."

Siku kumi za kungoja majibu, jamani! Adélaïde akikonda, wanasema dhamiri inamsuta. Akila, wanasema hana huruma. Majirani hawakunywa tena hata maji kwake. Kitu kimoja tu kilimtia moyo: Venant hakuwahi kumshitaki. Anaumia, ndiyo maana hasemi, alijiambia. Akipata nafuu atanitetea.

Siku ya majibu waliingia wote watatu.

"Ni kifua kikuu," docteur akasema.

"Kifua kikuu ya mu kinywa?" Bulonza akashangaa.

"Haionekane sana, maman, lakini iko. Na radio, ile picha ya kifua, imeonyesha iko mu mapafu pia. Kidonda kikipitisha wiki tatu bila kupona, mukuje hapa, musikimbilie karuho. Dawa ni bure. Atameza miezi sita, atapona."

Adélaïde akalia palepale, bila haya, kwa furaha. Watoto wake ni wake! Alitaka kumkumbatia docteur na koti lake jeupe.

"Inapitia mu hewa, mutu akikohoa," docteur akaendelea. "Wote wa nyumbani mupimwe."

Bulonza akageuka taratibu. "Kumbe kuna mutu alimupatia."

"Hatuwezi kujua ni nani. Pengine kanisani, pengine ku kazi."

Lakini Bulonza hakumsikiliza tena. Macho yake yalikuwa kwa Adélaïde, na Adélaïde akamtazama mume wake. Sasa, Venant. Sema sasa.

Venant akafuta mate, akakunja uso kwa maumivu, akasema polepole, kila neno likisikika.

"Docteur, muanze na bibi yangu. Ni yeye ananipikiaka."