Joto la Kisanduku

Josaphat alipenda sifa, na Butembo ilimpa. Alipowasha mbele ya wafanyabiashara kisanduku alichokiunda cha kuongoza friji ya chanjo, namba za joto zilikimbia bila kupumzika, nao wakapiga makofi. Kompaila, ile programu inayogeuza maneno yake kuwa amri za chipu, ilikuwa na njia ya kutambua pale chipu inaposubiri tu, na kuilaza. Josaphat aliizima njia hiyo. Chipu ikilala namba zinachelewa, na nani angepigia makofi kitu cha polepole? Mjini kilikula umeme wa groupe, jenereta ya mtaa, hakuna aliyejali.

Kikapelekwa zahanati ya Vuhovi, kwenye baridi, kitegemee betri ndogo ya jua. Mama Emérence, muuguzi, alikigusa akafurahi.

“Kinapata moto, donc kinatumika muzuri!”

Akawa anatandika juu yake nguo za watoto wachanga zipate joto. Josaphat aliziona, akacheka, akajisikia mkubwa. Mtu aliyesomea chipu! Joto lile lilikuwa umeme unaopotea, naye alilishika kwa mkono wake mwenyewe asishtuke.

Ukungu ulipotanda wiki nzima, betri ikaisha, friji ikazimika, chanjo ya surua ikaharibika. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Beni, kwa hiyo chanjo nyingine haingefika. Kamati ya zahanati ikataka kumfukuza Mama Emérence, ikidai nguo alizotandika ndizo zilizoharibu kisanduku.

Josaphat akaja, akaiagiza kompaila ilaze chipu kati ya kipimo na kipimo, akaipakia programu upya. Kisanduku kikapoa. Angeweza kuondoka kimya kimya, na alishakamata pikipiki, Mama Emérence alipomfuata.

“Unisamehe, Ingénieur. Niliharibisha mashini yako juu ya nguo za batoto.”

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akarudi ndani, mbele ya kamati na akina mama waliobeba watoto.

“Hapana yeye, ni miye. Niliacha mashini inakimbia bure, juu bantu banisifu. Ile moto ilikuwa betri inaisha.”

Kamati ikamwachia muuguzi kazi yake. Yeye hakushangilia. Aligusa kisanduku, kikiwa baridi, akakunja kinguo kimoja.

“Donc ile moto nilikuwa napashia batoto,” akasema polepole, “ilikuwa inatoka mu chanjo yabo.”

Nyuma mtoto ambaye hakuwa amechanjwa akakohoa, na akina mama wote wakageuka.