Klipu ya Pistoni ya Joleen

"Nitabadilisha oili tu," Verlyn alisema mwanzoni mwa Novemba, theluji ya kwanza ilipotanda barabarani na watu wa upande ule wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, walipokwisha kufungia pikipiki zao ndani. Ardis, mkewe, aliendelea kumenya viazi. Neno hilo alilisikia kila majira ya baridi tangu aolewe, na kila mara lilianzia kwenye oili likaishia na vyuma juu ya meza ya chakula.

Oili ilibadilishwa, kweli. Ila Verlyn alipoinama kukaza boliti ya chini aliona gasketi ya silinda inatoa jasho la oili. Gasketi hiyo haitoki bila kunyanyua silinda. Na silinda zikishanyanyuliwa, pistoni ziko uchi mbele yako, sasa mtu mwenye akili timamu ataziacha na ringi za zamani? "Maadamu nimeshafika hapa," akasema. Maneno hayo yamebomoa pikipiki nyingi kuliko ajali. Kufikia Krismasi tangi lilikuwa limetundikwa ukutani, kabureta zimelala chumba cha kufulia, na mashine ya kuoshea vyombo inanuka petroli kwa sababu Verlyn aliona ndiyo inayosafisha vizuri zaidi vifuniko vya injini.

Yote hayo Ardis angeyavumilia. Wanawake wa mtaa ule wote waliyavumilia. Tatizo ni kwamba pikipiki haikuwa ya Verlyn. Yake mwenyewe, kubwa na nyeusi, ilikaa kwenye kibanda cha nyuma chini ya turubai, haiguswi wala haiulizwi hali. Hii ya bluu hafifu ilikuwa ya Joleen, mke wake wa kwanza, ambaye saratani ilimchukua miaka mingi iliyopita. Rangi ya tangi aliipaka Joleen kwa mkono wake. Picha yake ilining'inia kwenye msumari juu ya meza ya kazi: koti la ngozi, nywele zinapeperuka, meno yote nje. Kila Mei, barabara zikishaoshwa chumvi ya kuyeyushia barafu, Verlyn huipanda pikipiki hiyo peke yake hadi kwenye ziwa ambako alimwaga majivu ya mwili wake baada ya kuchomwa, na hurudi jioni akiwa mpole, hasemi.

Uke wenza ni mgumu, lakini mke mwenza aliye hai angalau hununa, hunenepa, huunguza mboga. Aliyekufa haunguzi kitu. Ardis alishindana na mtu asiyezeeka, na alikuwa akishindwa kila siku ndani ya nyumba yake. Hata kuitwa alizidiwa. Boliti ikikataa kufunguka, Verlyn huisemesha pikipiki kwa sauti ya chini: "Haya, mama. Achia, mama." Yeye aliitwa Ardis, basi. Alitaka kujua jambo moja tu: ameolewa, au ameajiriwa kulinda makumbusho?

Gereji ilikuwa ya magari mawili. Upande mmoja iliingia pikapu ya Verlyn, upande mwingine alikaa marehemu. Gari dogo la Ardis lililala nje, limeunganishwa na waya kwenye soketi ya ukutani ili injini ipate joto kidogo, kwani bila waya huo gari la kule haliamki asubuhi ya Januari.

Asubuhi moja ya Januari halikuamka. Ardis alikuwa mpishi wa shule, mtu wa kuondoka kabla hakujapambazuka. Alikwangua barafu kwenye kioo mpaka vidole vikafa ganzi, akazungusha ufunguo, gari likatoa mguno mmoja likanyamaza. Akashuka kuufuata waya. Ncha yake ilikuwa imelala kwenye theluji. Kwenye soketi ulichomekwa waya mwingine, ulioingia chini ya mlango wa gereji mpaka kwenye hita ndogo, na hita ilikuwa inapulizia silinda za Joleen zilizopakwa rangi jana yake.

"Verlyn! Nani kachomoa waya wangu?"

Verlyn alitokea mlangoni na soksi tu miguuni. "Ah! Nilisahau kuurudisha. Hita na gari vikiwaka pamoja fyuzi inakatika. Rangi ilikuwa haijakauka, Ardis."

"Na mimi nimeshakauka, siyo?"

"Usiku mmoja tu, jamani."

"Baridi ya kupasua meno, gari langu limekufa kama gogo, eti usiku mmoja tu! Yeye anapuliziwa moto, mimi nikwangue barafu!"

"Yeye nani?" Verlyn aliuliza, na hakika hakuelewa. Akampeleka kazini kwa pikapu huku akipiga mluzi.

Mluzi ule ndio uliomaliza mambo.

Jumamosi iliyofuata Verlyn alikuwa anarudisha pistoni. Ardis alijua kila hatua, maana alihubiriwa habari hizo mezani kila jioni kati ya viazi na nyama ya kulungu. Pistoni hushikwa na pini, na pini huzuiwa isichomoke na klipu mbili za waya, ndogo kama kipande cha kucha. Kabla ya kuzigusa lazima uzibe mdomo wa injini kwa kitambaa, kwa sababu klipu ina tabia ya kuruka. Alipoingia na kahawa, Verlyn hakuwapo. Kitambaa kilikuwa kimelowa oili, amekitoa na kwenda ndani kutafuta kingine. Mdomo wa injini ulikuwa wazi. Klipu moja ilikuwa imekaa peke yake juu ya kifuniko cha kopo, inang'aa. Joleen alimcheka kutoka ukutani.

Ardis akaiokota, akaitia kwenye mfuko wa aproni. Hakufikiri sana. Achelewe kidogo, alijiambia. Akasirike, akate tamaa, Mei hii asiende ziwani.

Hapo ndipo alipokosea, kosa la mtu anayejua mahubiri bila kujua dini. Klipu yenyewe haikuwa kitu, Verlyn alikuwa na nyingine kwenye droo. Swali halikuwa nyingine itapatikana wapi. Swali lilikuwa hii imekwenda wapi, maana klipu ikiangukia ndani huvunja injini.

Verlyn alitafuta kwa tochi, akatafuta kwa sumaku, akapiga magoti akafagia sakafu nzima kwa kiganja. Rafiki yake Rollie, jirani ambaye mkewe humkimbia kila baridi akaenda Arizona kwenye joto, alikuja kunywa kahawa akakuta msiba.

"Kitambaa ulikitoa?" Rollie aliuliza.

"Dakika moja tu."

"Basi imeingia."

"Haijaingia, Rollie. Naijua klipu yangu."

"Sawa. Sasa utakimbia barabara kuu na hiyo injini huku unajiambia haijaingia?"

Verlyn alizima tochi. "Itabidi niigawanye injini katikati."

"Itabidi. Na maadamu utafika huko chini..."

"Maadamu nitafika huko," Verlyn alipokea, na sauti yake ilikuwa imeanza kuchangamka, "giaboksi nayo niitazame."

Ardis aliyasikia hayo akiwa mlangoni, mkono mfukoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Gereji ilikuwa na baridi mno kwa kazi ya namna hiyo, kwa hiyo injini ikaletwa jikoni. Ilikaa juu ya meza ya chakula, juu ya magazeti, Februari nzima, ikisubiri kifaa cha kuigawanyia kije kwa posta. Mume na mke walikula na sahani mapajani. Ardis alifungua friza kutoa kuku akakuta beringi mpya za giaboksi zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, maana chuma kikipoa husinyaa na kuingia kwa urahisi. Na hata picha ya Joleen ilihamia jikoni, ikaegemezwa kwenye kopo la chumvi, "ili anisaidie kutafuta," Verlyn alisema akicheka.

Ardis hakucheka. Klipu ilikuwa kwenye kopo lake la vifungo, nayo ilizidi kuwa nzito kila wiki. Angeirudisha Januari, lingekuwa kosa dogo. Machi lilikuwa limeshaota ndevu. Usingizi ulimpaa. Alimchukia Joleen kuliko zamani, na sasa alimchukia huku akijua mwizi si Joleen.

Jumapili moja ya Machi, baada ya kanisa, Verlyn aliigawanya injini. Rollie alishika upande mmoja. Wakapekua kila kona kwa sumaku. Hakuna klipu. Verlyn akazungusha kranki, mhimili wa injini, taratibu kwa mkono, akasimama. Akazungusha tena. Akavaa miwani.

"Rollie, tazama beringi hii."

Rollie akainama. Duara linaloshikilia gololi lilikuwa limepasuka, kipande kimoja kinashikilia kwa uzi wa chuma.

"Ingegoma," Rollie alisema polepole. "Kwenye mwendo wa barabara kuu, injini inakwama, gurudumu la nyuma linakwama, na wewe unaruka."

"Mei."

"Mei, ndugu yangu. Njia ya ziwani."

Wote wawili walikaa. Rollie alivua kofia. Akaitazama picha kwenye kopo la chumvi. "Na klipu haimo."

"Haimo."

"Basi unajua nani kaificha. Ni Joleen huyo. Alitaka uifungue."

Ardis, aliyekuwa kwenye sinki, alisubiri mumewe acheke. Verlyn hakucheka. Macho yalimjaa machozi. "Bado ananitunza," alisema. "Miaka yote hii, Rollie. Bado ananitunza."

Basi, mwenye busara angefanya nini? Angefunga mdomo. Mume yuko hai, kosa limegeuka baraka, siri imebaki kati yake na kopo la vifungo. Lakini wivu haujui kuhesabu faida. Ardis angeweza kustahimili kuitwa mwizi. Kuibiwa wizi wake, apewe Joleen, hakuweza.

Alitoka, akarudi na kopo, akalimwaga juu ya magazeti. Vifungo vilitawanyika mpaka sakafuni. Akachokora, akaitoa klipu, akaigonga mezani mbele ya Verlyn.

"Si Joleen."

"Nini hii?"

"Joleen amekufa, Verlyn! Hakuficha kitu! Niliichukua mimi, kwa mkono huu, siku ile ulipokwenda kutafuta kitambaa. Niliichukua kwa roho mbaya. Na kama kuna mtu kakuokoa humu ndani, nimekuokoa mimi!"

Rollie alisimama, kofia mkononi. "Naona mke wangu ananiita."

"Mkeo yuko Arizona," Verlyn alisema bila kumtazama.

"Ananiita kutoka huko huko. Shemeji, asante kwa kahawa." Mlango ukafungwa.

Verlyn aliigeuzageuza klipu kwa kidole. "Mwezi na zaidi nimetambaa sakafuni, na wewe unaniangalia."

"Nilikuangalia."

"Ungesema tu kwamba unataka gereji."

"Sitaki gereji!"

"Unataka nini basi?"

Ardis alivisukuma vifungo kando. "Nataka nami nikupotezee muda," alisema. "Nataka uanze jambo langu dogo halafu ushindwe kuliacha. Maiti amepata baridi ngapi? Mimi sijapata hata moja."

Msidhani alimkumbatia. Verlyn alikasirika hasa. Alivaa koti akatoka, na siku zilizofuata alimsemesha kwa maneno ya lazima tu: chumvi, simu yako, kumeanguka theluji. Injini iliondoka mezani bila neno. Ardis aliosha meza, na ilipokuwa safi akatamani ichafuke tena, angalau mtu awepo jikoni.

Jumamosi moja alirudi kwa miguu kutoka dukani akakuta gari lake halipo. Pale lilipokaa baridi yote palibaki mstatili wa lami kavu katikati ya theluji. Waya umekunjwa vizuri ukutani. Kaliuza, alifikiri. Kanifukuza kistaarabu.

Akafungua mlango mdogo wa gereji. Fremu ya pikipiki ya bluu ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti kwa mikanda, na injini iko kwenye kreti chini ya meza. Picha ya Joleen ilikuwa imerudi kwenye msumari wake. Verlyn hakuiondoa, wala Ardis hakutegemea. Mahali pa marehemu paliegeshwa gari dogo, pua imeinuliwa juu ya stendi za chuma, na miguu ya Verlyn ilichomoza chini yake.

"Unafanya nini?"

"Oili yako imepitiliza muda," sauti ilitoka chini, bado ina kinyongo kidogo. "Nitabadilisha oili tu."

"Jumatatu nakwenda kazini."

"Utakwenda."

Ardis aliweka mfuko wa vyakula chini. Akavuta kreti ya injini ya Joleen, akaikalia. Chuma kiligongana na chuma.

"Breki zako za mbele zimekwisha, ulijua?"

"Sikujua."

"Umekuwa ukiendesha hivi baridi yote?" Tochi ikahamia upande wa pili. "Na mpira unaofunika ekseli huku nao umechanika. Ila kuufikia lazima gurudumu litoke. Maadamu nimeshafika hapa..."

Ardis alifumba macho. Jumatatu atakwenda kazini kwa pikapu, alijua, na Jumatatu inayofuata vilevile.

Chini ya gari boliti ilikataa. Verlyn alikoroma, akajaribu tena, kisha akaisemesha kwa ile sauti ya chini: "Haya, mama. Achia, mama."

Wivu ukamchoma Ardis papo hapo, wa gari lake mwenyewe. "Nani mama humo?"

Spana ilisimama. Mkono mweusi kwa grisi ukajitokeza, kiganja juu, unasubiri.

"Nipe spana ya kumi na nne, mama."

Ardis akapekua trei nzima mpaka akaipata. Hakumpa.

"Sema tena," akasema.