Pindo la Kuluthumu

Raymundi alikipiga teke kiti cha mbele kwa nguvu zake zote, na kofia ya mwenye kiti ikadondoka.

"Samahani, baba," alisema Kuluthumu. "Mtoto leo kaamka vibaya."

Hakuamka vibaya. Aliamka vizuri tu, akanywa uji, akacheka njia nzima ndani ya gari la chama lililowaleta kutoka upande wa Sikonge mpaka uwanja wa ndege wa Tabora. Balaa lilianza pale mlango wa ndege ulipofungwa na mapangaboi yakaanza kunguruma. Tangu hapo alikuwa amefungua mkanda, akafungwa, akaufungua tena. Alikuwa amekimbia mpaka mlangoni kwa rubani, akarudishwa kwa kuburutwa mkono. Alikuwa amemmwagia soda mheshimiwa mmoja aliyevaa suti ya Chuenlai kama viongozi wa siku hizo, ikamwingia mpaka kwenye soksi. Sasa masikio yalikuwa yanamuuma, na alitaka kila mtu ajue.

"Nataka kushuka!"

"Tutashuka, mwanangu. Bado kidogo."

"Mimi si mwanao! Wewe si mama yangu!"

Mazungumzo yalikatika ndani ya ndege. Mama mmoja wa upande wa pili alimvuta kichanga wake kifuani, akamfunika uso kwa mtandio. Mwaka ule habari za mumiani zilikuwa zimezagaa kote, kuanzia Ziba mpaka mjini: watu wasiojulikana, sijui madaktari, sijui wageni, wanatuma wenzao wakusanye watoto ili wakakamuliwe damu. Hakuna aliyekuwa amemwona mumiani hata mmoja, ila kila mtu alikuwa na shemeji aliyemwona.

Kuluthumu alijua wanavyomtazama. Alijitazama na yeye kwa macho yao: mwanamke wa makamo, ndala miguuni, doti ya kanga iliyopauka, na ubavuni pake mtoto wa miaka minne mwenye kaptura mpya na viatu vya ngozi.

Kijijini asingepata shida hii. Alikuwa mlezi wa watoto wa kijiji cha ujamaa. Wazazi walipokwenda kwenye shamba la pamoja la tumbaku walimwachia watoto wote, na hakuwahi kumchapa hata mmoja. Dawa yake ilikuwa kanga. Kila walipokwenda kisimani aliitupia mabegani ikaning'inia nyuma, mtoto wa kwanza akashika pindo, waliobaki wakashikana mashati. Sheria zilikuwa mbili. Ukishika pindo, huachii. Na ukiwa kwenye mstari hugeuki nyuma, maana anayegeuka huwaangusha wenzake. Pindo lenyewe alipewa mtoto mkorofi kuliko wote, na hapo hapo ukorofi ulimwisha. Lakini ndani ya ndege utatembea uende wapi? Alimpa Raymundi pindo akiwa amekaa. Mtoto alilitafuna kidogo, kisha akalitupa.

Msichana mhudumu alikuja na sinia la peremende. Jina lake lilikuwa kwenye kibati kifuani, na Kuluthumu, ambaye kisomo cha watu wazima kilikuwa kimemfikisha kwenye majina mafupi, alilisoma polepole: Maua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Raymundi."

"Na wewe?"

"Kuluthumu binti Mabruki."

Maua aliyapima majina yale mawili, la kanisani na la msikitini, na hayakumkalia sawa. "Ni mtoto wako?"

"Nimemlea."

"Sikuuliza hivyo, mama."

"Mama yake yuko Dar es Salaam. Nampelekea."

"Una cheti chochote? Barua ya mwenyekiti?"

Hakuwa nayo. Nani angekumbuka barua? Kijijini kila mtu alijua habari za Mwalimu Marcelina: jinsi alivyofiwa na mume, Raymundi akiwa bado ananyonya, jinsi alivyochaguliwa kwenda kusoma Dar, akamwacha mtoto kwa mlezi huku analia. Masomo yalikuwa yamekwisha na amepangiwa shule huko huko. Mvua zilikuwa zimebomoa reli upande wa Ugogo, treni haziendi, naye hakuweza kungoja zaidi. Alituma tiketi za ndege.

Tangu siku tiketi zilipofika, kila jioni Kuluthumu alimkalisha Raymundi jikoni akamfundisha. "Mimi si mama yako. Mama yako yuko Dar es Salaam. Sema." Mtoto alisema, mwanzoni kwa kulia, baadaye kwa kuzoea. Ilimuuma kufundisha somo lile. Mungu hakumjalia mtoto wa tumbo lake, na huyu alikuwa amejifunza kutembea kwa kushika pindo lake. Kuna siku aliomba mvua iuchukue na uwanja wa ndege, kisha akaona aibu, akaomba asisikilizwe.

Maua aliondoka bila kutoa peremende. Yule mwenye kofia aligeuka kitini, akaegemea kiwiko. Uso wake mnene ulikuwa na ucheshi.

"Binti Mabruki? Mnyamwezi wa wapi wewe?"

"Wa Kanyenye, kwa kuzaliwa. Na wewe, baba?"

"Pazi. Mzaramo wa Kisarawe."

Basi, mambo yakawa mepesi. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, watu wa Tabora walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani. Watani hutaniana hata msibani, jeneza likiwa mlangoni, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

"Babu zako walibeba pembe kwa miguu mpaka kwetu," alisema Bwana Pazi kwa sauti ya kusikika. "Wewe umeona taabu, siku hizi unabeba watoto wa watu kwa ndege."

Kuluthumu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusemeshwa kama mtu. Alijibu kama mtani anavyotakiwa kujibu, bila kujitetea.

"Ndiyo, huyu nimemwiba. Nampeleka kwa mumiani. Ningekuchukua na wewe, lakini damu ya Mzaramo imejaa pombe ya mnazi, nani atainunua?"

Bwana Pazi alicheka mpaka kofia ikadondoka tena. Raymundi naye alicheka kwa kuona kofia. Maua alikuwa amesimama nyuma yao na sinia lake, na hakucheka. Alikuwa amelelewa Kampala, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Kiswahili alikijua vizuri. Utani hakuujua. Aliliweka sinia kwenye kiti kilichokuwa wazi, akaenda moja kwa moja kwa rubani.

Muda mfupi baadaye mlango wa rubani ulifunguliwa, mzungu akachungulia, akamtazama Kuluthumu, akaufunga. Mheshimiwa wa Chuenlai alihamia kiti cha karibu na mlango, kana kwamba Kuluthumu angeweza kuteremka hewani na mtoto. Maua alisimama njiani na hakuondoka tena.

"Kaka Pazi," alinong'ona Kuluthumu, "hawa wana nini?"

Ucheshi ulikuwa umemtoka Bwana Pazi. "Dada yangu, maneno yetu wameyachukua kama yalivyo." Alinyanyuka, akamwendea Maua. "Binti, sisi ni watani. Nilimchokoza, akanijibu."

"Kwa hiyo mnafahamiana?"

"Hapana. Tumekutana humu humu."

"Hamfahamiani, lakini unamtetea."

"Ndiyo utani wenyewe."

"Kaa chini, ndugu. Utawaeleza polisi."

Alikaa. Chini, dirishani, miombo ilikuwa imekwisha na ardhi ya Ugogo ilikuwa imejilaza, nyekundu, na vidimbwi vya mvua kila mahali. Babu yake Kuluthumu alikuwa ameipita kwa miguu nchi ile, mzigo begani, na inasemekana hakuwahi kupoteza hata kipande cha mali ya mtu. Kuluthumu aliogopa polisi. Lakini kilichomtisha zaidi kilikuwa kingine: alipotamka "nimemwiba", neno lilikuwa limemtoka kirahisi mno. Raymundi, aliyechoka kupiga kelele, alilala mapajani mwake. Kuluthumu alimpitishia kidole kwenye nyusi na kujiuliza kama yule msichana hakuona jambo ambalo lilikuwepo kweli.

Dar es Salaam joto liliwapokea mlangoni mwa ndege. Askari mmoja alikuwa akingoja chini ya ngazi, akawapeleka kando ya jengo, Kuluthumu mbele na Raymundi nyuma yake akiwa ameshika pindo, macho mekundu ya usingizi. Bwana Pazi alifuata bila kuitwa. Maua alieleza yote aliyoyasikia, na hakuongeza hata neno la uwongo.

"Mzaramo na Mnyamwezi?" aliuliza askari.

"Ndiyo, afande," alisema Bwana Pazi.

Askari alijizuia kutabasamu. "Hilo nimelielewa. Bado mtoto. Mama yake yuko wapi?"

Alikuwa akija mbio kutoka upande wa wapokeaji. Kuluthumu alimtambua kwa mwendo tu, kwa kuwa kingine chote kilikuwa kigeni: nywele alizokuwa akizisuka sasa zilikuwa zimechanuliwa zikawa mviringo mkubwa, na miwani ilimkaa puani. Mwalimu Marcelina alipiga magoti kwenye saruji, akafungua mikono.

"Raymundi. Baba yangu. Njoo kwa mama."

Mtoto alimtazama, akajificha nyuma ya Kuluthumu, akajizungushia kanga mpaka akabaki miguu.

"Mtoto, mama yako ni yupi?" aliuliza askari.

Yule aliyepiga kelele ndegeni sasa alizika uso kiunoni mwa Kuluthumu. Alikaza ngumi kwenye pindo. Askari alimgeukia Marcelina, na mashaka yaliyokuwa yamemwandama Kuluthumu tangu asubuhi yakahamia kwa mwenzake.

"Dada, mtoto hakujui."

"Ni wangu, afande. Nilikuwa masomoni."

"Kila mtu atasema ni wake." Alikwangua kidevu. "Bibi, wewe ndiye uliyemleta. Huyu ndiye mama yake? Ukisema siye, mtoto harudi naye leo."

Wote walimtazama Kuluthumu: askari, Maua, Bwana Pazi, na Marcelina aliyekuwa bado kapiga magoti, machozi yakimtiririka chini ya miwani. Siku nzima hakuna aliyeamini neno lake, na sasa walikuwa wakilingoja hilo tu. Alihisi ngumi ndogo ikivuta kanga mgongoni. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alipeleka mkono nyuma, akaifunika ngumi ile kwa kiganja chake.

"Ndiye," alisema. "Ndiye mama yake."

Aliivua kanga ya mabegani, akamwachia Raymundi pindo lake, na ncha ya pili akampa Marcelina.

"Iweke begani, mwalimu. Usimvute, wala usimbembeleze. Wewe tembea tu."

Kisha alichuchumaa. "Raymundi, tunapanga mstari. Leo mbele anakaa mwalimu."

"Na wewe?"

"Mimi niko nyuma. Haya, ukishika pindo?"

"Huachii."

"Na ukiwa kwenye mstari?"

Mtoto alimtazama usoni. "Hugeuki."

Marcelina alinyanyuka, akaanza kwenda. Kanga ilinyooka katikati yao. Raymundi alipiga hatua moja, halafu nyingine.

Maua aliinamisha kichwa, akajifanya anafuta kitu kwenye kibati chake. Bwana Pazi, ambaye mtani yeyote angemtegemea aseme neno, alishika kofia mkononi tu.

Kuluthumu alibaki mabega wazi kwenye jua, akingoja mtoto avunje sheria. Tangu ndege iondoke hakuna alichoambiwa Raymundi akakitii. Sasa alikwenda shingo imenyooka, pindo ngumini, akalipita gari la mizigo, akawapita wapokeaji, mpaka mlangoni. Mama alipita, kanga ikapita, na yeye akapita bila kugeuka.