Salamu kwa Fidencio

Habari ya kitanda sikuisema mimi. Hilo mlijue mapema, maana mtaa mzima wa Peñón unaamini vingine. Siku ile ya dansi niliposogea kwenye spika za Don Nabor, mpiga muziki wetu, wakati huo bado nina kiuno, nilimwomba amsalimie mume wangu Fidencio aliyekuwa Chicago, aseme Obdulia wa Peñón anakungoja. Basi. Ya kitanda aliyatia mwenyewe kwenye kipaza sauti, muziki wa kumbia ukiendelea nyuma yake, kwa sababu huku kwetu mpiga muziki asipozichombeza salamu watu humwona amepooza.

Dansi ilirekodiwa, kama kawaida. Nikanunua kanda, nikamtumia Fidencio, kama walivyofanya wanawake wote wenye waume kaskazini. Hakusema kitu. Simu zake zikapungua, kisha zikakoma, nami nikabaki na chuma changu cha kuchomea tlakoyo za kuuza pale mlangoni, nakanda mahindi, natia maharagwe, nageuza. Miaka ishirini na ushee. Watu waliacha kuniuliza habari zake, na kusema kweli hilo liliniuma kuliko walipokuwa wanauliza.

Don Nabor alipokufa, binti yake Itzayana akarithi kanda zake. Huyu msichana hana bendi wala haitaki. Muziki anaupika ndani ya kompyuta. Akachukua kumbia moja ya zamani, akaipunguza mwendo mpaka kodiani ikawa inaburuta miguu, akaitwanga kwa ngoma nzito za vijana wa sasa, akamweka kijana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza afoke maneno katikati. Juu ya yote akaiweka sauti ya baba yake. Fidencio, Fidencio, Fidencio! Obdulia wa Peñón anakungoja, na kitanda kimetandikwa!

Alidhani huyo Obdulia alishakufa au kahama. Nilikuwa naishi mitaa mitatu kutoka kwake, mtoto huyo, na tlakoyo zangu anakula.

Wimbo ukashika moto. Ukatoka kwa kinyozi, ukatoka kwa muuza nyama, ukatoka kwenye simu za wanafunzi. Vijana wakaanza kuniita Bi Kitanda. Nikawatukana, wakacheka, wakanunua. Lakini jioni nikishafunga, nilikaa na simu mapajani nikiwa nimeichaji mpaka juu, maana nilikuwa nimejiambia: wimbo umefika Chicago, lazima umefika, na mtu akisikia jina lake linaitwa namna ile hawezi kujitia kiziwi. Nilipaka nywele rangi. Nilinunua mashuka. Ndiyo, mashuka, chekeni.

Shoga yangu Tomasa, anayeuza juisi ng'ambo ya barabara, aliyaona mashuka yamening'inia kwenye kamba akanisema vibaya. Alisema hata mbwa akifukuzwa mara mbili anaelewa. Nikamwambia aende zake na machungwa yake. Tomasa ana mwanawe Erubiel aliyekwenda huko huko kaskazini akapotelea njiani, asijulikane yu hai au amekufa, kwa hiyo nilijua hasemi kwa ubaya.

Fidencio akapiga simu Jumanne, nina unga hadi kwenye viwiko. Namba yangu alipewa na mpwa wake. Aliponiita "Dulia" nikakalia ndoo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtayarishia matusi, mengine mazuri sana, na hata moja halikuja. Nikamuuliza kama kula ameshakula.

Akasema ameshakula. Kisha akaniambia shida yake, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kusikiwa na wa chumba cha pili. Ana mke. Ana binti aliyetimiza miaka kumi na mitano, wakamfanyia sherehe kubwa kama ilivyo desturi yetu, ukumbi, gauni, keki ya ghorofa. Wimbo ukapigwa. Wageni wakaanza kumnyooshea vidole na kupaza jina lake, wakimuuliza Obdulia ni nani. Binti akakimbilia chooni kulia na gauni lake lile. Mkewe mpaka leo hasemi naye.

"Zungumza na hao waliouimba," akasema. "Watoe jina langu. Nakuomba sana, Dulia."

Tlakoyo zilikuwa zinaungua na niliziacha ziungue.

"Wimbo ulipoanza, uliucheza?" nikamuuliza.

"Kabla sijasikia jina, ndiyo. Ni kumbia nzuri."

Nikamwambia nitalishughulikia. Tukaagana vizuri, kwa heshima, kama watu waliokutana benki. Halafu nikalia mpaka Tomasa akavuka barabara na kuja kuzima moto chini ya tlakoyo.

Tomasa alitaka jina libaki, limtafune Fidencio. Kwa siku kadhaa na mimi nilitaka hivyo. Lakini yule binti hakunikosea chochote, na kila nilipousikia wimbo nilimwona chooni na gauni lake. Nikaenda kwa Itzayana. Aliponiona mlangoni aliziba mdomo kwa mikono miwili, masikini, akataka kuufuta wimbo mzima. Nikamkataza. Nikamwambia atoe jina la mwanamume, la kwangu aliache. Alijaribu kuziba pale kwa ngoma, ikaharibika. Kwa kodiani, ikaharibika zaidi. Mwishowe akapaacha wazi. Ngoma inagonga mara tatu na hakuna anayeitwa, kisha Don Nabor anaendelea kusema kwamba Obdulia anangoja.

Jumapili mchana akaupiga hivyo mtaani kwetu, spika zimejaa barabara, ndege za abiria zinapita juu na hakuna anayezisikia. Tomasa alinivuta tucheze. Pengo lilipofika mara ya kwanza watu walishangaa. Mara ya pili mtu mmoja nyuma akalijaza kwa jina alilokuwa nalo moyoni, jina la mwanamke. Mara ya tatu wakawa wengi. Kila mtu aliita wake: wa kaskazini, wa makaburini, wa gerezani, wa nyumba ya jirani. Tomasa akafumba macho akamwita Erubiel, mara tatu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Pengo likaja tena. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Jina lililokuwa ulimini nilikuwa nimelirudisha kwa mwenyewe, na nyuma yake hapakuwa na lingine.

Tomasa alinigusa kiwiko. "Ita na wewe, shoga."

"Nimwite nani, Tomasa?" nikamuuliza, na nilitaka kweli aniambie.