Kipande cha Kioo Nyuma ya Kabati

Nyumba sitini na moja za mtaa ule zilinifungulia mlango. Ya sitini na mbili ilinifungulia kwa urefu wa mnyororo tu.

"Umekuja kupiga picha nyufa zangu," alisema mzee kupitia ule uwazi.

"Nimekuja kukagua nyumba, Bwana Belmiro. Mashine ya kuchimba njia ya treni itapita chini yenu mwezi wa tatu. Nyumba iliyokaguliwa ikipasuka, mradi unaitengeneza. Isiyokaguliwa, mwenyewe atajijua."

"Nani kasema?"

Nilimpa barua. Alianza kuisoma upande wa nyuma, kwenye yale maandishi madogo.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Naitwa Marisa Toste. Wazazi wangu nao ni wa visiwani, wametoka kisiwa cha Terceira."

"Deolinda!" aliita ndani. "Wametuletea mtu wa Terceira! Visiwa vinane vya kwetu ni visiwa, hicho cha tisa ni sherehe tu."

"Mfungulie!" sauti ya mwanamke ilijibu. "Baridi inaingia bila ruhusa yako, mtoto wa watu unamzuia."

Nilikuwa na miezi minne tangu nimalize chuo, na niliiamini treni ile kwa moyo wangu wote. Mama yangu husafisha ofisi katikati ya Toronto. Kila siku hupanda mabasi mawili na tramu moja, saa moja na dakika arobaini kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Treni ya chini ya ardhi ingemfikisha kwa dakika ishirini na tano. Kwa hiyo kampuni ya ukaguzi iliponipa kofia ngumu na rundo la fomu, nilijiona kama ninayeitandika reli mwenyewe.

Jiko la juu la nyumba ile liling'aa kama la dukani, maana halipikiwi. Maisha yalikuwa chini, kwenye jiko la pili, kati ya mapipa ya divai na sufuria ya supu. Mzee alinifuata hatua moja nyuma. Nikigusa ukuta, anakohoa.

Ukuta wa mashariki ulikuwa umezibwa na kabati kubwa la vyombo.

"Hili linaweza kusogezwa?"

"Halijasogea tangu Papa alipotembelea mji huu."

Lakini sakafuni, mbele ya miguu ya kabati, kulikuwa na michubuko myeupe, mipya kabisa. Nilikumbuka maneno ya bosi wangu, Sproule: "Wazee wa mtaa ule walikuwa mafundi wa zege. Wanajua kuficha ufa wa zamani, kisha wanasema ni wa treni." Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa. Huu uliofichwa nyuma ya sahani, hawakuutaja. Nilimtazama mzee, naye akanitazama, na nadhani sote wawili tulikuwa tukiwaza neno moja: mwizi.

"Belmiro, mwonyeshe," alisema Deolinda bila kuacha kukoroga supu.

"Nyamaza, mwanamke."

"Nyamaza wewe. Aibu ni yako, sikatai. Ila nyumba ni yangu pia."

Mzee akaweka bega kwenye kabati, nami nikaweka langu.

Ufa ulishuka kutoka darini hadi karibu na sakafu, mwembamba, ungepitisha sarafu tu. Katikati yake palikuwa na kipande cha kioo, urefu wa kidole, kimegandishwa kwa plasta pande zote mbili za ufa. Kando yake kulikuwa na tarehe kwa penseli: 14 Oktoba 2003.

"Mafundi wa kwetu wanakiita shahidi," alisema. "Ufa ukisogea hata unywele mmoja, kinakatika. Miaka ishirini na moja hakijakatika. Huwa nasogeza kabati mara moja kwa mwezi, nakitazama, nalirudisha."

"Sasa kwa nini unaficha? Hiki kinakutetea!"

"Ukuta huu niliumwaga mimi." Sauti yake ilishuka. "Nimemwaga zege la stesheni tatu za jiji hili, hakuna hata moja iliyopasuka. Wangu ukapasuka majira ya baridi ya kwanza. Ungekuwa wewe ungeita majirani waje kuangalia?"

Deolinda aliweka bakuli mezani, supu ya sukumawiki na maharage, akanisukumia kipande cha mkate mtamu.

"Lakini si aibu tu," mzee aliendelea. "Lete hiyo fomu yako."

Aliipitia kwa kidole mpaka chini kabisa, penye kisanduku kilichoandikwa *Sababu*. Mimi mwenyewe sikuwahi kukitilia maanani. Huko kwingine nilikuwa nikiandika "haijulikani" na kuendelea.

"Rafiki yangu Hermínio aliangukiwa na mbao kwenye handaki, mwaka sabini na nne. Walimletea fomu kitandani, akasaini, kisanduku hiki kikiwa kitupu. Wakakijaza wenyewe ofisini: uzembe wa mfanyakazi. Alitembea na fimbo mpaka kaburini, na fidia hakuiona."

"Siku hizi hawafanyi hivyo," nilisema.

"Hawa wa siku hizi umewajua lini?"

Alinitaka nijaze fomu mbili zinazofanana, kwa wino, moja ibaki kwake. Niliandika urefu na upana wa ufa, nikaandika habari za kioo kizima na tarehe yake, na kwenye Sababu nikaandika: haijulikani. Tulisaini zote mbili. Aliinua yake kwenye taa kana kwamba anakagua noti.

"Tutaona," alisema.

Mwezi wa tatu, mashine ilipita. Siku ya pili yake Deolinda alinipigia simu.

"Mwanangu, shahidi amekatika."

Nilikuta kabati limesogezwa pembeni bila kificho. Kioo kilikuwa vipande viwili. Ufa sasa uliingiza ncha ya kidole changu, na mlango wa jiko haukufungika tena. Mzee alikuwa ameketi akiutazama ukuta kama mtu aliye na mgonjwa.

Nilikimbia ofisini nikafungua faili la nyumba yake kwenye kompyuta. *Sababu: ujenzi dhaifu wa mwenye nyumba.* Habari za kioo hazikuwepo kabisa. Chini yake lilikuwepo jina langu. Nilifungua faili la jirani, kisha la jirani wa pili. Maneno yaleyale, jina lilelile.

"Sikuandika hivi," nilimwambia Sproule.

"Uliandika 'haijulikani'. Hilo si jibu, Marisa, na mfumo unataka jibu. Usiwe mtoto."

"Fomu zangu ziko wapi?"

"Zikishaingizwa zinachanwa. Kwani una shida gani?"

Shida yangu ilikuwa kwamba karatasi moja tu ilibaki duniani, na ilikuwa kwa mtu asiyeniamini.

"Nipe ile fomu niipeleke ofisi ya mradi," nilimwomba Belmiro jioni ile.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Bosi wangu akijua, kazi sina."

"Angekutuma, angekufundisha useme hivyohivyo."

Iliniuma. Kisha nikakumbuka nilivyoitazama miguu ya kabati lake, nikaona sina haki ya kununa.

"Basi twende wote," nilisema. "Ikae mkononi mwako."

Aligeuka kumwita mkewe. "Deolinda, niandalie koti langu. Kesho asubuhi nina safari na huyu wa Terceira."

Kwenye tramu alikaa na karatasi ndani ya shati na vipande vya kioo vimefungwa kwenye kitambaa cha vyombo. Kila mtu alipopita karibu, mzee alijishika kifua.

Mama mmoja mwenye nywele za kijivu alitupokea kwenye dirisha la malalamiko la ofisi ya mradi. Nilimweleza yote. "Hii sahihi ni yangu," nilisema, "na jina la kwenye kompyuta pia ni langu. Ila maneno yale si yangu."

Alisoma, akasoma tena. "Nitajuaje kwamba hii hamkuiandika jana?"

Nilifikiri mzee atafoka. Badala yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alitabasamu.

"Vizuri. Usituamini." Akafungua kitambaa. "Kwaruza."

Mama yule alipitisha ukucha kwenye kioo. Ulitoka na utando wa manjano, mzito, unaonata.

"Hayo ni mafuta ya supu ya mke wangu, miaka ishirini na moja," alisema Belmiro. "Sasa tazama pale kilipokatikia. Safi kabisa. Ukuta ulilala miaka yote hiyo. Aliyeuamsha unamjua."

Yule mama alimwita mhandisi kutoka chumba cha nyuma, naye akakigeuza kioo kwenye mwanga, akasoma fomu, akaomba namba za nyumba zote nilizokagua.

"Fomu hii ndiyo itakayotumika," alisema mwishowe. "Jumatatu tunakuja kushikiza ukuta, na matengenezo ni juu ya mradi. Mafaili ya mtaa mzima tutayapitia upya."

"Yaandike hayo," alisema Belmiro.

Akaandika.

"Muhuri."

Akagonga.

"Nakala."

"Na mimi yangu," nilisema. Mzee aligeuka akanitazama kama fundi anayemtazama mwanafunzi aliyepiga msumari wa kwanza ukaingia wima.

Tulipotoka, Sproule alikuwa amenipigia mara nne. Nilizima simu. Ndani ya tramu, Belmiro alifuta ukungu dirishani tukapita mahali wanapochimba stesheni, kreni zimesimama kwenye theluji.

"Bado unaitaka hiyo treni?" aliuliza.

"Naitaka. Mama yangu anaihitaji."

Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Ikifunguliwa utaipanda?" nikamuuliza.

"Nitaipanda," alisema, akijishika kifua pale ilipolala karatasi. "Ila nitakaa karibu na mlango."