Daftari la Wasiojiweza

Mwaka 1953, kahawa ilipoanza kuiva, Marita wa Iyula aliamka akakuta miguu haimtii. Aliigusa kama anagusa gunia la mahindi. Alikuwa mjane mwenye nguvu, hajafika arobaini. Mwaka uliotangulia jicho lake la kulia lilikuwa limefifia kwa majuma matatu, kisha likapona lenyewe. Wengine walisema karogwa, wengine wakasema kaponywa kwa maombi. Yeye hakujua ashike lipi.

Mwanawe Kefa alikuwa migodini ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo mdogo wake Marita, Ketrina, ndiye aliyetafuta watu wa kumbeba kwa machela hadi hospitali ya misheni. Daktari Mzungu alimgonga magoti kwa kinyundo, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo.

"Ugonjwa huu nimeuona kwetu. Huku bado," alisema. "Unakuja, unaondoka, unarudi. Dawa sina."

"Sasa siku nikitembea nitakuwa nimepona?"

"Hapana, mama. Hata siku hiyo utakuwa mgonjwa."

Marita alimtazama Ketrina. Ketrina naye alikuwa akimtazama yeye.

Daktari aliandika barua kwa baraza la chifu, lililokuwa likiwapa wasiojiweza mahindi, chumvi na blanketi. Karani wa baraza, kijana aitwaye Nathanaeli, aliisoma mara mbili. Daftari lake lilikuwa na safu nne: vipofu, viwete, wenye ukoma, na wazee wasio na watu.

"Mama Kefa nimwandike wapi?" alimuuliza Ketrina. "Jicho limepona. Basi, kiwete."

Kwa miezi mitatu Ketrina alileta debe la mahindi nyumbani. Mwezi wa nne vidole vya miguu vya Marita vilianza kuwasha, na siku chache baadaye alisimama, akashika ukuta, akauachia. Alicheka peke yake. Kesho yake alikwenda shambani kukata matawi makavu ya kahawa, na huko ndiko tarishi wa chifu alikomwona.

"Mama Kefa! Kumbe!" Akaenda zake bila kungoja jibu.

Marita alibaki na panga mkononi, akiona haya kama mwizi, na shamba lilikuwa lake mwenyewe.

"Dada, ungekaa ndani," Ketrina alimwambia.

"Mpaka lini? Nijifanye mgonjwa nikiwa mgonjwa?"



Juma lililofuata Marita aliitwa barazani. Alitembea tangu asubuhi, akafika jua la utosi. Mzee Anyelwisye, aliyeongoza kikao, alimuuliza, "Umekuja kwa miguu yako?"

"Kwa miguu yangu, baba."

"Basi si kiwete."

"Leo si kiwete."

Watu walicheka. Alitaka kueleza, lakini maneno ya daktari yalikuwa yamemchanganyikia, na moyoni alianza kuwaza kwamba pengine wazee walikuwa na haki. Jina lake likafutwa.

Alipotoka, joto lilimzidi. Jicho likaingia ukungu, mguu wa kushoto ukaburuzika, akaanguka vumbini. Mtu alisema, "Anaigiza." Nathanaeli alikuja kumwinua, akausikia mguu ukitetemeka mikononi mwake.

"Mama, unaigiza?" aliuliza polepole, kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Mwanangu, hata mimi nimejiuliza."

Nathanaeli alirudi ndani akawabembeleza wazee. Wakakubali jina liandikwe ukurasa wa mwisho, bila safu: Ketrina atachukua mahindi kila mwezi ambao miguu inakataa, mradi mwalimu wa kanisa athibitishe. Miezi mingi Marita alipata. Miwili alikosa, akiwa hawezi hata kushika kijiko, kwa kuwa mwalimu alikuwa safarini.

Nathanaeli aliiandikia pia ofisi ya juu ya serikali, kuuliza watu wa namna hii wawekwe wapi. Jibu lilikuja baada ya mwaka mzima. Alilisoma kando ya kitanda cha Marita: ofisi ilitaka kujua kama mama huyu ana ukoma.

"Hebu soma tena," alisema Marita.

Akasoma tena. Yalikuwa yale yale.

"Niwajibu nini, mama?"

Marita alifikiri, akivuta blanketi kwa mkono uliokuwa bado unasikia.

"Waambie sina ukoma," alisema. "Halafu waulize wao wanauitaje huu."